Slipa klachi: klachi inayoteleza kwa makusudi

Ukimwambia fundi wa pikipiki wa Moshi kwamba klachi yako inateleza, hatahitaji maelezo zaidi. Atamwaga oili, atafungua mfuniko wa upande wa kulia wa injini na kutafuta klachi pleti zilizoisha, kwa sababu katika lugha ya gereji kuteleza kwa klachi ni ugonjwa: injini inalia, mwendo hauongezeki. Ndiyo maana jina la slipa klachi, yaani klachi ya kuteleza, huwatia mashaka watu wanaolisikia kwa mara ya kwanza wanapotaka kununua pikipiki ya spoti iliyotumika. Hata hivyo, kuteleza kunakozungumziwa hapa si ubovu bali ni kazi iliyokusudiwa, nako hutokea kwa mwelekeo mmoja tu: pale tairi la nyuma linapotaka kuizungusha injini, wala si pale injini inapolizungusha tairi.

Ili kuuelewa mwelekeo huo, ni lazima kwanza tuiangalie klachi ya kawaida, ile iliyomo katika Boxer na TVS zinazopanga foleni vijiweni. Krankishafti, yaani shafti ya injini inayozungushwa na pistoni, huzungusha bakuli. Ndani ya bakuli hilo hupangwa pleti za aina mbili kwa kupishana: zile zilizogandishwa vipande vya kushikia, ambazo meno yake ya nje hukaa katika nafasi za bakuli, na zile za chuma kitupu, ambazo meno yake ya ndani hushika kitovu kilichofungwa kwenye shafti ya giaboksi. Presha pleti, ikisukumwa na springi, huzibana zote kwa pamoja, nazo zikishabanwa huwa kama kitu kimoja, na nguvu ya injini hupita hadi kwenye gia, cheni na tairi. Ukivuta mkono wa klachi, presha pleti hunyanyuka kidogo, pleti huachana, na injini hubaki ikizunguka peke yake. Klachi ya namna hii haibagui nguvu inatoka upande gani. Inabana vilevile, iwe nguvu inakwenda kwenye tairi au inarudi kutoka huko.

Taabu huanzia kwenye hiyo nguvu inayorudi. Tuseme dereva anakaribia kona akiwa gia ya nne, injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika, kisha anaachia mafuta, anakamata breki ya mbele na kupangua gia mbili kwa mpigo. Ikiwa gia ya pili, kwa mwendo uleule, inadai mizunguko iliyozidi kwa nusu, basi mara tu anapoachia klachi injini inatakiwa iruke hadi 9,000, na wa kuirusha si petroli bali ni tairi la nyuma. Pistoni zinavuta hewa kupitia njia iliyofungwa, krankishafti inagoma kuongeza kasi ghafla, na ugumu huo wote unarudi kupitia cheni na kulishika tairi kama breki ya pili ambayo dereva hakuikanyaga. Wakati huohuo breki ya mbele imeuhamishia uzito mbele, na tairi la nyuma limebaki jepesi. Linanata, linaachia, linanata tena. Cheni inakaza na kulegea. Na sehemu yote ya nyuma inaanza kudundadunda na kuyumba wakati dereva ndiyo kwanza anataka kuilaza pikipiki kwenye kona.

Mwendesha bodaboda anayeteremsha mikungu ya ndizi kutoka Kibosho hajui adha hii, wala hana sababu ya kuijua. Injini yake ya cc 100 hadi 150 haina ubavu wa kulizuia tairi lililobeba mzigo kiasi hicho, na mikungu iliyofungwa nyuma hulikandamiza tairi chini hata anapofunga breki. Kwake breki ya injini, yaani huko injini kulizuia tairi, ni msaada mtupu. Wanaosumbuka ni wenye pikipiki za spoti zenye injini kubwa na miili myepesi, hasa zile za silinda moja kubwa au mbili za umbo la V. Madereva wenye ujuzi walizoea kulimaliza tatizo kwa mkono: klachi ikiwa imevutwa, walipiga resi kidogo ili injini ifikie kasi inayodaiwa na gia mpya, kisha waliachia klachi taratibu. Ni ufundi mzuri, ila si rahisi kuufanya bila kukosea huku vidole vya mkono uleule unaopiga resi vikiwa kwenye breki.

Slipa klachi huifanya hiyo kazi ya kuachia taratibu yenyewe. Siri yake niliiona vizuri siku moja katika gereji ya Pasua, fundi alipoitandaza klachi ya pikipiki ya spoti juu ya boksi lililokunjuliwa. Kitovu chake hakikuwa na uso bapa. Kilikuwa na vilima vitatu vidogo vya chuma, vyenye mteremko uliosuguliwa ukang'aa, na presha pleti ilikuwa na vilima vingine vya kuoana navyo. Fundi alivikutanisha, akashika kimoja kwa kila mkono na kuvizungusha. Upande mmoja viligonga na kukaa imara. Upande mwingine vilipandiana, na presha pleti ikanyanyuka kwa unene usiozidi ukucha. Basi ni hivyo tu, hakuna umeme wala kompyuta.

Asiye na klachi ya kufungua anaweza kutumia chupa ya maji yenye mfuniko uliokazwa nusu. Ukiuzungusha mfuniko huku, unashuka na kubana. Ukiuzungusha kule, unapanda na kulegea. Tairi la nyuma linapokisukuma kitovu kwenda mbele kwa kasi kuliko injini, vilima hupandiana kama mfuniko unaofunguliwa, mbano wa springi hupungua, na pleti huteleza kiasi cha kuiacha injini ipande kasi polepole. Nguvu ya kurudi ikishapungua, springi huirudisha presha pleti mahali pake na klachi hushika kama kawaida. Wakati wa kuteleza, dereva anaweza kuhisi mkono wa klachi ukipigapiga kidogo kwenye vidole vyake, jambo ambalo wageni wengi hulidhania kuwa hitilafu.

Baadaye wahandisi waliutumia na ule mzunguko wa kukaza. Katika klachi nyingi za sasa kuna vilima vya upande wa pili vinavyoivuta presha pleti ndani dereva anapovuta mafuta, hivyo injini yenyewe husaidia kubana pleti. Kwa kuwa springi hazibebi tena kazi yote, huwekwa laini zaidi, mara nyingi tatu badala ya tano au sita, na mkono wa klachi huwa mwepesi. Ninja 300 ya Kawasaki, iliyotoka kama modeli ya 2013, iliuleta mpangilio huu kwenye pikipiki ya bei ya kawaida, na kwa maoni yangu wepesi huo ndio unaowafaa wanunuzi wengi kuliko kona za mbio ambazo hawatazipita kamwe.

Chimbuko lenyewe ni uwanja wa mbio. Honda iliitumia klachi ya kupunguza nguvu ya kurudi kwenye NR500 ya mwaka 1979, pikipiki ya injini ya mapigo manne iliyoingia kushindana na za mapigo mawili, ambazo kwa maumbile yake zina breki ndogo sana ya injini. Mwaka 2002, MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki za dunia, ilipoanza na kuruhusu injini za mapigo manne za hadi cc 990, klachi hii ikawa kitu cha lazima.

Haiondoi breki ya injini yote. Anayeteremka kutoka Marangu hadi Himo bado ataisaidia breki yake kwa kukaa gia ya chini, kwa sababu springi hubakiza sehemu ya mbano. Kwa sababu hiyohiyo haiilindi injini dhidi ya dereva anayepangua hadi gia ya kwanza akiwa kwenye mwendo mkali; valvu zinaweza kugonga pistoni kama kawaida. Na inaweza kuugua ule ugonjwa wa zamani pia. Ikiteleza unapovuta mafuta, ama pleti zimeisha, ama mtu ameweka oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano badala ya oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Jambo jingine hugundulika siku betri imekufa: ukiisukuma pikipiki ili iwake, ni tairi linaloizungusha injini, na huo ndio mwelekeo ambao klachi hii hulegea. Vijana wa kijiweni watasukuma mara ya kwanza kwa gia ya kwanza na injini haitashika. Waambie waweke gia ya pili au ya tatu, nawe ukae kwa uzito wako wote juu ya tairi la nyuma.