Dawa ya Kusafishia Filamu Kubwa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayehamia kwenye kamera ya filamu za vipande, zile za inchi 4 kwa 5 au 8 kwa 10, huja na imani alizozoea kwenye filamu ndogo ya milimita 35. Nyingi zinahusu dawa ya kusafishia, yaani ile inayoifanya picha ijitokeze kwenye filamu iliyokwisha pigwa: ichaguliwe ipi, na izimuliwe kwa maji kiasi gani. Baadhi zina ukweli kwa filamu ndogo lakini hazina kazi kwa kubwa. Nyingine hazijawahi kuwa kweli popote.

"Tafuta dawa inayolainisha punje"

Punje ni chembe za fedha zinazounda picha kwenye filamu, nazo huonekana zaidi kadiri picha inavyokuzwa. Fremu ya milimita 35 ikichapwa kwenye karatasi ya inchi 8 kwa 10 hukuzwa karibu mara 8. Kipande cha 4 kwa 5 hukuzwa mara 2 tu. Cha 8 kwa 10 hakikuzwi kabisa, hulazwa juu ya karatasi na kuchapwa kilivyo. Sasa punje za kulainishwa ziko wapi? Dawa za aina ya Perceptol hulainisha kweli, ila huipunguzia filamu wepesi wa kupokea mwanga, na mpiga picha wa kamera kubwa hana mwanga wa kupoteza. Lenzi yake mara nyingi imebanwa hadi f/32, tundu dogo sana, na akisogelea kitu, kiriba cha kamera (ule mfuko unaokunjuka kati ya lenzi na filamu) kikirefuka hula mwanga zaidi.

D-76 ya Kodak, iliyotoka mwaka 1927, na ID-11 ya Ilford ambayo ni kama pacha wake, zina gramu 100 za salfaiti ya sodiamu kwa lita. Salfaiti nyingi kiasi hicho huyeyusha kingo za chembe za fedha, na hapo ndipo ulaini unapotoka. Ukizimua dawa sehemu moja kwa maji sehemu moja, salfaiti hushuka hadi gramu 50: punje hujitokeza kidogo, na kingo za vitu pichani hukaza. Kwenye filamu kubwa hiyo ni faida tupu. Hata Rodinal, dawa ya mwaka 1891 ambayo wapenzi wa filamu ndogo huikwepa kwa sababu ya punje zake, hapa haina ubaya wowote. Kwa hiyo chagua kwa kuangalia bei, upatikanaji, dawa inakaa muda gani chupani, na wewe unasafisha kwa trei au kwa tangi.

"Uwiano ukiwa sahihi, kila kitu ni sahihi"

Hapa ndipo vipande vingi huharibika, na mwenye navyo hulaumu filamu. Uwiano hauelezi dawa halisi iliyomo ni kiasi gani. Kijiko kimoja cha sukari ni kijiko kimoja tu, ukikikoroga kikombeni au kwenye birika zima.

Hesabu ni nyepesi. Roli moja ya milimita 35 yenye picha 36 ina eneo la inchi za mraba 80 hivi. Kipande kimoja cha 8 kwa 10 ni hizo hizo 80. Vipande vinne vya 4 kwa 5, vilevile 80. Watumiaji wengi wa HC-110, dawa nyingine ya Kodak, hawashuki chini ya mililita 6 za dawa nzito ya chupani kwa kila inchi 80, na wa Rodinal hawashuki chini ya 5. Kwa dawa yao ya XTOL, Kodak walipendekeza angalau mililita 100 za dawa isiyozimuliwa.

Chukua tangi la kuzungusha linalobeba vipande sita vya 4 kwa 5 kwa mililita 270 tu za mchanganyiko. Vipande sita ni inchi 120, kwa hiyo HC-110 inayotakiwa ni mililita 9. Ukizimua 1 kwa 31, ndani ya 270 mna mililita 8 na ushei, unaweza kusema inatosha. Ukizimua 1 kwa 63 kwa sababu umesikia ni nzuri, zinabaki 4 na kidogo. Dawa itachoka njiani, na sehemu zenye mwanga mkali zitatoka dhaifu. Dawa ya tangi la namna hii ni ile isiyozimuliwa sana. Au jaza mchanganyiko mwingi zaidi kama mashine inaruhusu, au punguza vipande.

Halafu, 1 kwa 31 maana yake ni sehemu moja ya dawa na 31 za maji, jumla 32. Ilford huandika 1+31 ili kuondoa ubishi.

"Ukiongeza maji, kontrasti inashuka"

Kontrasti, yaani tofauti kati ya vivuli na mwanga mkali, inashuka kama hukuongeza muda. Ukiongeza muda inavyotakiwa, inarudi pale pale. HP5 Plus, filamu ya Ilford, kwenye ID-11 kwa nyuzi 20 za Selsiasi husafishwa dakika 7 na nusu bila kuzimua, dakika 13 kwa 1+1, na dakika 20 kwa 1+3. Angalia pia kwamba dawa imepungua hadi robo lakini muda haukufika hata mara tatu.

Kinachosemwa kuhusu dawa nyepesi kutuliza mwanga mkali kina ukweli wake, lakini kinategemea kutikisa kidogo, ili dawa iliyogusa sehemu zenye mwanga mwingi ichoke pale pale wakati vivulini bado inafanya kazi. Kwenye tangi linalozunguka bila kusimama dawa mpya hufika kila sehemu, na hakuna cha kutulia. Wengine huiacha filamu kwenye Rodinal ya 1 kwa 100 saa nzima bila kuigusa. Kwenye filamu ndogo mara nyingi mtu huponea. Kwenye kipande kikubwa chenye anga pana, mistari na mawingu yasiyokuwepo huonekana wazi. Mimi sioni sababu ya kujitafutia hatari hiyo.

"Huku kwetu kwenye joto haiwezekani"

Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa yakiwa na nyuzi 26, zile dakika 7 na nusu hushuka hadi 4 na kitu, na chini ya dakika 5 ni vigumu kupata usawa kwenye trei. Zimua 1+1: zile 13 hushuka hadi 7 na ushei, muda unaofanyika bila haraka. Barafu ndani ya mfuko, kwenye beseni linalozunguka trei, humaliza kazi iliyobaki.

"Ikibadilika rangi imekufa"

Rodinal ikigeuka kahawia hadi karibu nyeusi bado inafanya kazi. XTOL inaweza kufa ikiwa safi kama maji. Usiamini macho: chovya kipande kilichopigwa mwanga uone kama kinakuwa cheusi.

Pyro, dawa ya kusafishia inayoacha doa kwenye filamu, nayo husifiwa kama siri ya mabingwa. Doa lake la manjano au kijani husaidia kweli kwenye uchapaji, ila ni sumu inayopenya ngozi. Vipande vikichanganywa kwa mikono kwenye trei, vaa glavu.

"Kuna muda mmoja sahihi"

Kwenye roli, picha zote husafishwa pamoja. Kipande husafishwa peke yake, na kishikio cha filamu kina pande mbili. Piga picha ile ile pande zote mbili, safisha upande mmoja kwanza. Mawingu yakitoka mazito mno, wa pili upunguzie muda kwa asilimia 15 hivi. Yakitoka dhaifu, uongezee.