Ravens, mtoano na mbio zinazoachwa njiani

Kila ikifika Januari, mechi za mtoano zikianza, Watanzania wenzangu hapa Maryland huniuliza swali lilelile: "Kocha, hivi Ravens na huu mpira wao wa kukimbia watafika kweli?" Ravens ni timu ya mpira wa Kimarekani ya Baltimore. Mimi nafundisha mstari wa mbele kwenye timu ya sekondari, wale vijana watano wanaomkinga kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), na jibu langu halijabadilika. Mbio zinafaa kwenye mtoano. Kinachowamaliza Ravens ni kuziacha.

Kwa asiyeufuata mpira wa Kimarekani: una majaribio manne ya kusogea yadi 10, ukishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Unaweza kurusha pasi, au kumpa mkimbiaji aupenyeze mwenyewe. Msimu wa 2019 Ravens walikimbia yadi 3,296, rekodi ya NFL, ligi kuu ya mpira huo, na kati ya hizo 1,206 zilikuwa za kwotabeki wao, Lamar Jackson.

Mtambo wenyewe uko hivi. Mlinzi mmoja wa pembeni wa wapinzani anaachwa makusudi bila kuzuiwa. Jackson anauweka mpira tumboni mwa mkimbiaji lakini hauachii. Macho yake yako kwenye mabega ya yule mlinzi. Mabega yakigeukia ndani kumfuata mkimbiaji, Jackson anauchomoa mpira na kukata nje. Mlinzi akibaki pale pale, mpira unabaki kwa mkimbiaji. Mtu mmoja ametolewa mchezoni bila kuguswa, na hakuna kinachobadilisha hesabu hiyo eti kwa sababu ni Januari.

Kinachobadilika ni mabao. Januari 11, 2020, Ravens waliingia na rekodi ya ushindi 14 na vipigo viwili, wakapigwa na Titans 28-12 nyumbani kwao. Mara mbili walihitaji yadi moja tu kwenye jaribio la nne, mara mbili wakazuiwa, na kila mara Titans wakajibu kwa tachidauni, bao la pointi sita. Wakabadili gia angani: Jackson akarusha pasi 59. Mark Ingram, ambaye kweli alikuwa ametoka kuumia kigimbi, alipewa mpira mara sita tu.

Hiyo naweza kuisamehe, maana walikuwa nyuma 28-6. Inayoniuma ni ya Januari 28, 2024, dhidi ya Chiefs. Mapumziko walikuwa nyuma 17-7, pointi 10, na dakika 30 nzima mbele yao. Kipindi cha pili Chiefs hawakupata hata pointi moja! Lakini timu iliyoongoza ligi nzima kwa mbio msimu ule iliwapa wakimbiaji wake mpira mara sita mechi nzima, na Jackson akarusha mara 37. Wakafungwa 17-10.

Mashabiki hutazama mpira. Mimi hutazama vidole. Mtu wa mstari anayejiandaa kusukuma huweka uzito mbele, na ncha za vidole vyake zilizogusa nyasi hugeuka nyeupe. Akijiandaa kulinda pasi, uzito unarudi kwenye visigino. Mlinzi mzoefu huziona ishara hizo kabla mpira haujaanza. Timu iliyo nyuma ikishaamua kurusha tu, vijana watano waliojengwa kusukuma wanageuka watu wa kurudi kinyumenyume, na mlinzi wa pembeni hana tena sababu ya kusitasita. Anakwenda moja kwa moja kwa kwotabeki. Mtu yule tuliyemtoa mchezoni bure tumemrudisha wenyewe.

Utaniambia 49ers walifanikiwa kwa mbio. Kweli, Januari hiyohiyo ya 2020 waliwafunga Packers 37-20, Raheem Mostert akikimbia yadi 220 na tachidauni nne, huku kwotabeki wao akirusha mara nane tu. Ila walikuwa mbele 27-0 mapumziko, na ukiwa mbele kila mtu hukimbia. Mtihani ni ukiwa nyuma.

Mtihani huo Ravens waliufanya Buffalo, Januari 19, 2025, kwenye theluji. Mapumziko Bills 21, wao 10. Safari hii walikuwa na Derrick Henry, yuleyule aliyewaadhibu akiwa Titans, na hawakumwacha. Robo ya tatu wakapata pointi tatu za teke, kisha Henry akapenya na kufunga tachidauni: 21-19. Walipoteza 27-25, wakiwa wameachia mpira mara tatu, na mwishoni pasi ya pointi mbili ya kusawazisha ikamponyoka Mark Andrews mikononi.

Nimewaonyesha vijana wangu video ya robo ile ya tatu mara nyingi. Naisimamisha kabla mpira haujaanza, nawaambia wasimtazame Henry. Watazame vidole vya wale watano: pointi 11 nyuma, ugenini, na bado uzito uko mbele.