Mgongo wa mtoto hufungwa kabla hujajua una mimba

Kila ikikaribia tarehe 25 Oktoba, siku ya dunia ya mgongo wazi na kichwa maji, hapa kliniki Mombasa tunapata maswali mengi, na safari hii mengi yamekuja kama malalamiko: mbona mama alianza kliniki mapema, mimba ya miezi mitatu, akameza vidonge vyote na bado mwana kazaliwa na mgongo wazi? Miezi mitatu si mapema. Mgongo hufungwa siku ya 28 hivi tangu mimba kutunga, na siku hiyo mama ndio kwanza anashangaa mbona hedhi imechelewa wiki mbili.

Tandaza leso kitandani. Inua pindo za pande mbili zikutane juu, mji ubaki chini, utapata mrija. Mrija kama huo ndio unakuwa ubongo na uti wa mgongo. Kushikana kunaanza karibu na shingo, siku ya 22 hivi, kisha kunaenda kama zipu, upande wa kichwani na upande wa kiunoni. Zipu ikikwama chini ni mgongo wazi, ikikwama juu ubongo na fuvu haviumbiki sawasawa na mtoto huyo haishi.

Anayeamrisha yote haya ni jeni. Watu wengi wakisikia jeni wanafikiria pua ya babu na rangi ya shangazi basi, lakini kazi kubwa ya jeni ni maagizo, zipi ziwake, zipi zizime, na kwa saa gani. Mwanzo kabisa tabaka la nje la kiinitete (mtoto wa siku za mwanzo tumboni) huambiwa na protini za BMP liwe ngozi. Jeni nyingine, nogini na kodini, hutengeneza protini za kuizuia BMP upande wa mgongoni, na pale isipofika ndipo seli zinakuwa za neva. Yaani ubongo huanza pale amri ya kuwa ngozi ilipozuiwa. Mwaka 1924 wanasayansi Hans Spemann na Hilde Mangold kule Ujerumani walitoa kipande kidogo kwa kiinitete cha salamanda wakakipandikiza upande wa tumboni wa kiinitete kingine, na pale tumboni ukaota mgongo wa pili. Protini za kipande hicho, zile za kuizuia BMP, zilikuja kujulikana miaka ya 1990.

Mrija ukishakuwepo, jeni ya SHH inatuma ishara kutoka chini na BMP kutoka juu, na kila seli inajua iko karibu na nani: za chini zinakuwa neva za kusukuma misuli, za juu zinapokea habari za joto na maumivu. Halafu jeni za HOX, binadamu tunazo 39, zinagawa sehemu kutoka shingo kushuka, hapa neva za mikono, hapa za miguu, na kwenye kromosomu zimejipanga kwa utaratibu uleule wa mwili, kitu ambacho miaka yote hii bado chanishangaza. Kuku anazo, kasa anazo, hata samaki changu.

Kwa hivyo tafadhalini. Kinyonga aliyeonwa na mama hana uwezo wa kufungua mgongo wa mtu, wala kijicho cha jirani. Nasema kwa heshima, lakini inaniuma kuona mama ametoka leba juzi tu na mawifi washamzunguka wamuuliza alifanya nini. Hakuna jeni moja ya "upande wa mama". Ni jeni nyingi, za pande zote mbili, zikikutana na upungufu wa foliki (vitamini B9), sukari isiyodhibitiwa, au dawa ya kifafa kama valproeti.

Seli zikigawanyika kwa kasi ile lazima zinakili jeni zote kila mara, na bila foliki hiyo kazi inakwama. Utafiti wa Uingereza uliotoka 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake walioshapata mimba yenye tatizo hili, foliki ilipunguza kurudia kwa asilimia 72. Dozi yao ni kubwa, miligramu 4, na huandikwa na daktari. Wengine ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja KABLA ya mimba. Mahamri kwa mbaazi za nazi endeleeni, ila foliki ya mbaazi peke yake haitoshi. Na wanaosema kidonge humfanya mtoto awe mkubwa mpaka upasuliwe, hapana, si kweli.

Ukija kliniki leta kitambulisho, hakikisha umejisajili SHA, bima ya afya ya serikali (*147# kwa simu), leta kitabu cha kliniki cha mtoto aliyetangulia na pakiti za dawa unazomeza, si kunielezea rangi ya kidonge. Dawa ya kifafa USIIACHE mwenyewe, tutakubadilishia. Wenye chemisti, kuiuza dawa hiyo ya kifafa bila cheti cha daktari ni kosa. Na wasagaji, tangu 2012 sheria yataka unga wa pakiti, ngano na mahindi, uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo, ukikiuka unaweza kushtakiwa. Unga wa posho mill ya mtaani kwa kawaida haujaongezwa, msihesabu huo.

Mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, usibonyeze, usipake kitu. Mlaze kifudifudi, funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya hospitali, mlete siku hiyohiyo, manake upasuaji wa kuufunga unatakiwa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo.