Shisha: acha kuangalia maji, angalia makaa

Nikimuuliza kijana mwenye kikohozi kama anavuta sigara, mara nyingi hukana katakata. Nikiongeza, "Na shisha je?" anatabasamu: "Ah, musawo (daktari), hiyo ni ya wikendi tu." Ninatibu magonjwa ya kifua hapa Kampala, na vijana ninaoongea nao Kiswahili, wa Arua, wa Kongo, wa Kisenyi, karibu wote wanaamini kwamba moshi ukishapita majini umesafishwa.

Haujasafishwa. Maji yanaupoza tu, na hapo ndipo penye hatari. Moshi wa sigara humkaba koo asiyeuzoea. Huu wa shisha, baridi na wenye harufu ya tofaa au mnanaa, huteremka bila kuwasha, basi mtu anavuta pumzi ndefu na kuketi hapo saa nzima. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kikao cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Huo ni wingi wa moshi, si kwamba kila sumu iliyomo imezidi kiasi hicho. Kusema kwa mkato kwamba "shisha moja ni sigara 200" hakutusaidii, kwa sababu kijana mwerevu atatukamata hapo na kupuuza mengine yote.

Mimi naogopa makaa zaidi. Tumbaku huwekwa kwenye kichwa cha shisha, ikafunikwa foili iliyotobolewa, na juu yake mkaa unaowaka. Mkaa huo hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na sigiri chumbani. Hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa cha mvutaji kikauma, macho yakaona kiza, miguu ikalegea, na wenzake wakasema amezidiwa na pombe. Shisha "ya majani tu, haina tumbaku" haimwokoi mtu: mkaa ni ule ule.

Mtego huu hutunasa hata sisi wahudumu wa afya. Kile kifaa cha kubana kidoleni hupima oksijeni kwa mwanga, na damu iliyobeba monoksidi ya kaboni hukionekania kama iliyobeba oksijeni. Kitaonyesha 98 huku mgonjwa anakosa hewa. Ukweli hutoka kwenye kipimo maalumu cha damu, nacho hakipatikani kila mahali.

Halafu kuna ule mpira wa kuvutia moshi, unaozunguka mdomo hadi mdomo. Mate husafirisha malengelenge ya midomo, na kukaa muda mrefu chumba kisicho na hewa pamoja na mtu anayekohoa ni njia rahisi ya kupata kifua kikuu. Kubadilisha kile kidude cha plastiki cha mdomoni hakusafishi mpira wenyewe.

Sigara, kwa upande wake, huingia kwa rejareja. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya 2015 inakataza kuuza sigara moja moja, inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na shisha yenyewe imeipiga marufuku kabisa. Kampuni ya sigara ya BAT iliipinga mahakamani ikashindwa mwaka 2019. Lakini duka la mtaani linajua wateja wake, na baa zinajua kufunga pazia.

Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, kwa hiyo uraibu hushika mapema na kwa nguvu. Mapafu nayo bado yanakua: anayeanza kuvuta akiwa shuleni huenda asifikie kamwe ukubwa wa pumzi aliopaswa kuwa nao. Kijana wa miaka 17 haogopi saratani, hilo nimelikubali. Nikimwambia kwa nini anaachwa nyuma na beki dakika ya ishirini, hapo ananisikiliza. Mwenye pumu namsisitizia zaidi.

Anayetaka kuacha ajue arosto, yale mateso ya kukosa nikotini, huwa kali siku tatu za kwanza, na kila hamu ikija hupungua baada ya dakika chache.

Na mtu akizimia kwenye shisha, mtoeni nje kwenye hewa safi na mkimbizeni hospitali. Mkifika, semeni wazi kwamba alikuwa anavuta, hata kama mnaogopa polisi. Daktari akijua, ataanza na oksijeni nyingi bila kungoja kile kifaa cha kidoleni kimwambie.