Sare sio kadi ya chama jamani

Nafundisha historia ya sanaa na kila nikiweka video ya Laibach, bendi ya Slovenia inayopanda jukwaani na sare za kijeshi, haifiki dakika ya pili mkono ushanyooka, "mwalimu kwani hawa mafashisti?" Nimechoka. Mtu kaona buti, kasikia ngoma nzito na sauti inafoka kama mkutano wa chama, basi keshahukumu.

Hawa jamaa walianza 1980 huko Trbovlje, mji wa machimbo ya makaa ya mawe Slovenia, enzi hizo Yugoslavia, wakajiita kwa jina la Kijerumani la Ljubljana, jina lenye harufu ya uvamizi wa Wanazi, ndo maana 1983 wakapigwa marufuku kulitumia mjini humo. Sasa kejeli tuliyoizoea unamchora mkubwa na pua kama mbilimbi, watu wanacheka, mwenyewe anacheka, kesho anaendelea kutawala. Laibach hawachekeshi. Wanaichukulia dola siriasi kuliko dola yenyewe inavyojichukulia, hakuna kukonyeza jicho hata mara moja, na wewe unabaki hapo unajiuliza mbona nywele zinanisimama. Ushauri wangu wa siku zote: zima sauti halafu angalia nyuso za watazamaji, jukwaa liache.

Na kama bado unabisha chukua bango la 1987. Wenzao wa Novi kolektivizem, kundi la wachoraji mabango, wote wako chini ya mwavuli mmoja wa wasanii unaoitwa NSK, walipeleka bango la Siku ya Vijana, ile ya tarehe 25 Mei ya kumsherehekea Tito, aliyekuwa kiongozi wa Yugoslavia. Kijana kajazia misuli, bendera juu. Kamati ikalipenda, ikalipitisha. Kumbe ni mchoro wa Kinazi wa 1936 wa Richard Klein, vijana wametoa bendera ya swastika wakaweka ya Yugoslavia, wakatoa tai wakaweka njiwa, basi kwisha. Haya niambie, fashisti hapo nani, aliyelichora au aliyelipitisha? Darasa huwa linanyamaza kimya.

Eti "ni utani tu, hauumizi mtu". Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, alitangaza nyumba yake Lagos kuwa jamhuri, Kalakuta, na Februari 1977 wanajeshi wakaja wakaichoma moto, mama yake wakamtupa dirishani, mwaka uliofuata mama huyo akafariki. Na NSK walipojitangazia nchi yao isiyo na ardhi 1992 wakatoa pasipoti, watu kibao Nigeria wakaziomba wakidhani zitawavusha mpaka kweli. Hilo mi bado linanikaa vibaya, wasanii hawakulipigia hesabu.

Halafu kuna wa "haya mambo ya wazungu", hao nawauliza tu, beni, ngoma ya kuiga bendi za jeshi la wakoloni, umeisikia? Vyama vya Marini na Arinoti, Tanganyika, tarumbeta na gwaride, sare za kijeshi, watu waliokuwa wanaitwa "boi" mchana kutwa jioni ni majenerali na wanapigiwa saluti.