Kuongeza fremu si kurudisha kilichopita

Wengi huamini kwamba ukiwa na programu nzuri, video ya fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde itapungua kasi na kuwa sawa na iliyopigwa kwa fremu 200. Si kweli. Kati ya fremu na fremu kamera hufumba jicho. Programu hukisia tu kilichopita hapo.

Twixtor, programu-jalizi ya kupunguza kasi ya video, na Optical Flow ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, hufuatilia mwendo wa pikseli kisha hubuni fremu za kujazia. RIFE, ambayo ni programu huria, hutumia mtandao wa neva (aina ya akili bandia) uliofunzwa kwa video nyingi, na kwa macho yangu hukisia vizuri zaidi. Hata hivyo, tazama mikono ya mpiga ngoma: vidole vinayeyuka, kimoja kinagandana na kiwambo cha ngoma. Spoku za baiskeli nazo hupinda kama tambi, kwani zote zinafanana na programu haijui ipi imekwenda wapi.

Kabla hujabadilisha programu, angalia shata, yaani muda ambao kamera hufumbua jicho kwa kila fremu. Ukipiga kwa 1/50 ya sekunde, ukungu wa mwendo umeshaingia kwenye fremu, na kuongeza fremu hakutauondoa. Mwanga ukiruhusu, piga kwa 1/200. Na kama simu yako ina fremu 120, anza nazo: pengo la kukisia litakuwa dogo.