Ng'ombe Anatweta Kivulini: Maswali ya Wafugaji Kuhusu Joto na Lishe

Kati ya Desemba na Februari, mvua ikishakatika, swali ninaloulizwa zaidi huku Uganda, kwenye njia ya Bombo, Luwero hadi Nakasongola, ni lile lile: maziwa yamepungua, nimpige sindano gani? Ukimpima ng'ombe mwenyewe, mara nyingi huoni ugonjwa. Amezidiwa na joto, na chakula anachopewa mchana kinamzidishia. Maswali haya nimeyakusanya kwenye vikao vya wafugaji ambako Mnubi wa Bombo, Muganda, Mhima na askari mstaafu huketi pamoja, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Jambo moja tuelewane mapema, maana liliwahi kuchekesha kikao kizima: nikisema "joto" hapa sisemi ng'ombe anayetaka dume. Huyo naye ana swali lake mbele.

Daktari, jua tumezaliwa nalo. Ng'ombe naye si amelizoea?

Inategemea ni ng'ombe yupi. Ankole ana manyoya mafupi yanayong'aa, na zile pembe ndefu zina mishipa ya damu ndani. Damu ikipita humo hupoa. Zebu wa Karamoja ana ngozi iliyolegea na hutoka jasho vizuri. Tena wote wawili hutoa maziwa machache, na ng'ombe wa maziwa machache hachomi chakula kingi mwilini. Friesian asili yake ni Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani. Amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ale sana na akamuliwe sana, na kazi hiyo yote huzalisha moto ndani ya mwili. Chotara yuko katikati: kadiri damu ya Friesian inavyozidi, ndivyo jua linavyomuumiza.

Wataalamu hutumia kipimo kinachounganisha joto la hewa na unyevu wake. Kikifika 72, ng'ombe wa maziwa huanza kutaabika, na wale wanaokamuliwa sana huanza hata kwenye 68. Ukipiga hesabu, nyuzi 25 tu, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, zinakufikisha kwenye hiyo 72. Nyuzi 25 kwetu ni saa nne asubuhi ya kawaida, wala mtu havui shati. Nyuzi 30 na unyevu huo huo ni 78. Unyevu ukipanda hadi asilimia 80, kama unavyoweza kupanda karibu na Ziwa Kyoga, unafika karibu 83. Ndiyo maana nasema usitumie mwili wako kupima joto la ng'ombe. Wewe huna tumbo la kuchachusha nyasi.

Nitajuaje kama ni jua au ni ndigana, ile homa inayoletwa na kupe?

Hili ndilo swali la pesa, kwa sababu wengi hukimbilia dukani kununua oksitetrasaiklini. Dawa hiyo haishushi joto la jua, na maziwa ya siku za dawa hayafai kuuzwa wala kunywewa. Unapoteza mara mbili.

Anza kwa kuhesabu pumzi. Simama pembeni, tazama ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja nzima. Chini ya 60, hali si mbaya. Ikipita 60, joto limemwingia. Ikipita 100, na mdomo uko wazi, ulimi nje, mate yanachuruzika, hiyo ni hatari. Tazama pia kundi: ng'ombe waliozidiwa na jua hushindwa wengi kwa pamoja. Husongamana kwenye kivuli kimoja au kuzunguka birika, hawalali chini, hawacheui. Ugonjwa kwa kawaida huanza na mmoja.

Kisha pima homa alfajiri kabla jua halijachomoza, kipimajoto kikae njia ya haja kubwa. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3. Aliyechomwa na jua jana, usiku ukiwa wa baridi, asubuhi huwa amerudi humo. Mwenye ndigana kali, ile Waganda wanayoiita amakebe, hapoi kwa umande: utamkuta na nyuzi 40 au zaidi, tezi za chini ya sikio na mbele ya bega zimevimba, na ukifunua sikio utakuta kupe wa kahawia. Huyo mwite daktari siku hiyo hiyo, maana ndigana ina dawa yake na inataka kuwahiwa. Lakini msisahau kwamba joto hudhoofisha kinga. Ng'ombe mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na nimekutana naye.

Chakula kinampa nguvu. Kwa nini useme kinamwongezea joto?

Tumbo kuu la ng'ombe, lile liitwalo rumeni, hubeba zaidi ya lita 100, na ndani yake vijidudu huchachusha nyasi usiku na mchana. Mtu aliyewahi kuingiza mkono kwenye chungu cha pombe ya mtama inayochacha anajua jinsi kinavyopata joto. Ng'ombe anatembea na chungu hicho. Moto wa uchachushaji na usagaji hufika kileleni saa nne hadi sita baada ya kula. Ukimjazia hori saa mbili asubuhi, tumbo lake litakuwa motoni kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, wakati jua nalo liko utosini. Majiko mawili yamewashwa pamoja.

Dawa yake haigharimu shilingi. Geuza saa. Mpe sehemu ndogo saa kumi na mbili asubuhi, sehemu kubwa kuanzia saa kumi na moja jioni, na hori lisiwe tupu usiku. Anayechunga afungue zizi mapema iwezekanavyo, na awarudishe kivulini saa nne au saa tano. Najua wizi wa ng'ombe unawatisha watu kuchunga usiku, na sitamwambia mtu ahatarishe maisha. Basi mkatie majani umwekee ndani.

La pili ni aina ya majani. Nyuzinyuzi ngumu huwaka zaidi: kwa kila chembe ya nguvu anayopata kutoka kwenye mabua makavu ya mahindi, hutoa moto mwingi kuliko ambao angeutoa kwa majani laini. Nepia, yaani bisagazi, ikiachwa mpaka imzidi mtu kimo ni vijiti tu. Ikate ikiwa na kimo cha mita moja hivi, ina majani mengi. Mabua na majani makuukuu yakatwe vipande vifupi, na yapewe usiku. Hei na sileji utengeneze mwezi wa tano na wa kumi na moja, majani yakiwa mabichi. Mtu anayeniuliza sileji mwezi wa pili, mimi humjibu tuonane mvua ikinyesha.

Protini isizidi wala isipungue. Ikizidi, mwili hutumia nguvu kuitoa kama yurea kwenye mkojo, na nguvu hiyo nayo ni joto. Majani ya kaliandra na ya viazi vitamu yanatosha kwa wengi wetu. Kilo 3 za kaliandra mbichi hufanya kazi ya takribani kilo 1 ya chakula cha dukani. Mafuta kidogo husaidia, kwa kuwa hutoa nguvu bila kuwasha tumbo. Mbegu nzima za pamba zinafaa, lakini kwa ng'ombe mkubwa zisipite kilo 2 kwa siku, na ndama wasipewe kabisa.

Maziwa yalipopungua niliongeza pumba na chakula cha dukani. Sasa anaharisha na ameanza kuchechemea. Nimekosea wapi?

Mama, hukukosea peke yako. Karibu nusu tu ya maziwa yanayopotea kwa joto hutokana na kula kidogo. Nyingine hupotea kwa sababu mwili wenyewe umegeuza matumizi ili ujipoze. Kwa hiyo hata ukimshindilia chakula, maziwa hayo hayarudi yote.

Kuna na jambo la asidi. Ng'ombe anayecheua humeza mate mengi, na mate yake yana magadi yanayotuliza asidi ya tumboni. Akitweta, magadi hayo hupungua mwilini, mate humwagika chini, na kucheua kunakoma. Hapo ukimwongezea pumba laini, ambayo huchacha haraka, asidi inapanda bila kizuizi. Kwanza utaona kinyesi chepesi chenye povu na mafuta ya maziwa kushuka. Wiki kadhaa baadaye kwato huuma. Kusimama kutwa, kwa sababu akisimama hupoa kuliko akilala, nako huumiza kwato.

Rudisha majani yawe mbele. Pumba igawe mara tatu au nne, kila mara isipite kilo 2. Ongeza bikaboneti ya soda gramu 100 hadi 150 kwa siku, ichanganywe vizuri kwenye chakula. Pumba iliyoota ukungu tupa, hata kama mwenye duka ni shemeji yako: sumu ya kuvu hupita mpaka kwenye maziwa, na mtoto wako ndiye anayeyanywa.

Maji kiasi gani?

Maziwa ni maji kwa asilimia 87. Ng'ombe wa lita 15 anatoa lita 13 za maji kwenye ndoo yako, kabla hujahesabu jasho, mkojo na pumzi. Asipate chini ya jerikeni nne za lita 20 kwa siku, na jua likiwa kali atavuka tano. Yawepo muda wote. Wakati anaoyataka zaidi ni baada ya kukamuliwa. Pipa jeusi la plastiki lililoachwa juani hupika maji, lisogeze kivulini. Anayepeleka ng'ombe bwawani mara moja kwa siku asishangae kuona anakula nusu, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu huacha kula.

Maganda ya matoke je?

Yana maji na potasiamu, vitu viwili anavyovipoteza kwa jasho, kwa hiyo wakati wa joto si chakula kibaya. Protini yake ni ndogo, basi changanya na kaliandra au mashudu ya pamba. Tatizo langu ni magunia yanayotoka sokoni Kampala. Mwaga chini, chambua, toa kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Plastiki haiyeyuki tumboni. Inajikusanya mpaka njia inaziba.

Na chumvi?

Mpe kila siku. Wengi hutumia chumvi ya mawe kutoka Ziwa Katwe, na ni nzuri kwa sodiamu, ila haina madini yote. Weka na jiwe la madini la kulamba, mahali mvua haifiki.

Amehimilishwa mara tatu hashiki mimba.

Sasa tumefika kwenye lile joto jingine. Jua kali hufupisha muda wa kutaka dume na kuuhamishia usiku, mtu amelala. Mtazame saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili usiku. Hata mbegu ikishika, kiinitete cha siku za mwanzo huharibika kwa urahisi mwili wa mama ukipanda joto. Himilisha jioni, na wiki ya kwanza asitoke kivulini. Ukitumia fahali, kumbuka mbegu huchukua takribani miezi miwili kutengenezwa, hivyo fahali aliyeungua Februari anaweza kukuangusha mpaka Aprili. Na ng'ombe mwenye mimba uliyemkausha, yule tunayemsahau kwa kuwa hatoi kitu, ndiye anayestahili kivuli kuliko wote: joto la miezi miwili ya mwisho hupunguza uzito wa ndama na maziwa ya uzao unaofuata.

Niezeke bati au nipande miti?

Mti, kama una subira. Mwembe au mutuba hupoza hewa yenyewe. Nakasongola tumekata miti tukachoma mkaa, sasa tunanunua bati kwa pesa ya mkaa. Bati likiwa chini ya mita tatu humrudishia ng'ombe moto mgongoni; liinue, au weka nyasi juu yake. Kila ng'ombe apate mita nne za mraba, na urefu wa banda uende mashariki hadi magharibi. Usizibe pembeni. Upepo ndio unaomkausha jasho.

Ameanguka mchana, anatweta, macho yamemtoka. Nifanye nini daktari akiwa njiani?

Usimburute. Mjengee kivuli hapo alipo, hata kwa turubai. Mwagie maji mwili mzima mpaka ngozi ilowe, siyo manyoya tu, na umpepee kwa nguvu. Maji bila upepo ni unyevu wa kumzidishia. Endelea mpaka kipimajoto kishuke hadi nyuzi 39.5, kisha acha. Ndoo ya maji iwe karibu na mdomo anywe mwenyewe. Usimnyweshe kwa chupa: ng'ombe anayetweta huvuta maji mapafuni, na nimeona waliokufa kwa chupa wakati jua walikuwa wamelishinda.

Basi niuze Friesian nirudi kwa Ankole?

Swali hili aliliuliza afande mmoja mstaafu mwenye ng'ombe sita na kisima kimoja kinachokauka Januari. Nilimjibu kwamba kwa maji yale, chotara wawili na Ankole wanne wangemletea maziwa mengi zaidi kwa mwaka kuliko Friesian sita wanaotweta. Alikasirika kidogo. Mwezi uliofuata nilimkuta akichimba tangi la kuvunia maji ya paa, na Friesian bado wote sita.